Irja Karppinen, Aliyeyapima Maji ya Kwao

Anayezikwa leo, Jumamosi tarehe 26 Oktoba 2019, katika makaburi ya kijiji cha Rimpivaara, ni Irja Kyllikki Karppinen, binti wa ukoo wa Juntunen. Mchungaji aliomba wasifu uwe wa ukurasa mmoja ili utoshe kwenye kijitabu cha ibada. Marehemu naye aliacha maagizo yake kwa mdogo wake Eila, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Alisema, "Eila, usinipambe. Na lile kosa langu liandike." Agizo la kwanza limetimizwa kadiri inavyowezekana. Agizo la pili limeharibu hesabu ya kurasa, na mchungaji anaombwa radhi.

Irja alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 ndani ya sauna ya nyumbani, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, kama walivyozaliwa wengi wa hapa miaka ile. Alikuwa mtoto wa pili wa Aapo na Hilja Juntunen. Veikko alimtangulia kwa miaka miwili, na Eila alifuata mwaka 1956. Maji ya kumwogeshea yalichotwa kwenye tundu la barafu katika ziwa Rimpijärvi. Mama yao alisimulia kwamba mtoto hakulia alipotiwa kwenye beseni, bali aliyakodolea maji macho kana kwamba anayauliza swali. Mama alikuwa na desturi ya kuongeza chumvi kwenye hadithi zake, ila hii hakuna aliyewahi kuibisha.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1958. Ilikuwa kilomita nne kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, wakati wa baridi, na Veikko ndiye aliyetangulia mbele kukata njia kwenye theluji mpya. Mwaka 1962 alikwenda kusoma Kajaani, akafaulu mtihani wa mwisho majira ya kuchipua ya 1970, kisha akaingia chuo kikuu cha Oulu kusomea kemia na kuhitimu mwaka 1975. Alipoulizwa kwa nini kemia, alijibu kwamba tangu utoto aliuliza rangi ya ziwa inatoka wapi. Baba alimwambia inatoka kwa Mungu, mama akamwambia inatoka kinamasini, na yeye akataka kujua nani kati yao anasema kweli.

Kuna jambo la kiangazi cha 1968 ambalo ni lazima litajwe hapa, maana litarudi. Mwaka ule serikali ilikuwa ikiwasaidia wenye misitu kukausha maeneo yao ya majimaji ili misonobari ikue haraka. Kuacha ardhi yako bila mifereji kulihesabiwa kuwa uvivu. Plau kubwa ilikuja Rimpivaara, ikaanza na shamba la Aapo Juntunen, kwa kuwa Aapo hakupenda kuwa wa pili kwa jambo lolote. Veikko, akiwa na miaka kumi na tisa, alifuata nyuma ya plau akikata mizizi kwa shoka. Irja aliwapelekea kahawa. Eila alikuwa na miaka kumi na miwili na alikatazwa kuruka mifereji, akairuka. Ilikuwa siku ya fahari, na picha yake bado inaning'inia jikoni kwa Veikko.

Mwezi Januari 1976 Irja aliajiriwa na maabara moja ya udongo na maji mjini Oulu, na hapo alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2014. Watu wa hapa walipoulizwa Irja anafanya nini huko, walijibu kwamba anaangalia uchafu, na hawakuwa mbali na ukweli. Alipima na kupanga katika makundi asidi za udongo. Si zile asidi za kuunguza mkono. Ni zile za asili, zinazotokana na majani, mizizi na matawi yanayooza, ambazo mvua huzichukua mpaka ziwani na kuyapa maji rangi ya kahawia. Asidi hizo huwezi kuzichambua moja moja kama mchele kwenye ungo. Lakini ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho halioni, nazo hurudisha mng'ao wake hafifu. Asidi changa, zinazotoka kwenye majani ya msitu na tabaka la juu la udongo, hung'aa kuelekea samawati. Asidi kongwe, za mboji iliyolala chini ya kinamasi kwa maelfu ya miaka, mng'ao wake huvutika kuelekea kijani. Mashine huchora mstari wenye kilele, na anayejua kukisoma hujua asidi imetoka wapi. Mashine hiyo ilifika Oulu mwaka 1983, na Irja aliimudu vizuri kuliko alivyolimudu gari lake, ambalo alilivunja taa mara nne.

Tarehe 17 Juni 1978, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Paavo Karppinen, fundi wa mabasi. Walijuana basi lilipoharibika njiani kati ya Oulu na Kajaani, na abiria mmoja akashuka kumwelekeza fundi. Paavo alipika kahawa nyeusi kama lami. Siku ya kwanza Irja alipokaribishwa kwake alitumbukiza kijiko, akaangalia, kisha akamimina maji ya moto kidogo kidogo mpaka kijiko kikaonekana hadi chini. Ndipo akasema, "Sasa tunaweza kuongea." Paavo anasema aliamua kumwoa saa ile ile, ingawa kahawa yenyewe ilikuwa imeharibika kabisa. Mungu aliwajalia binti mmoja, Kaarina, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1981.

Sasa linakuja lile kosa. Wengi waliopo hapa wanalijua kwa nusu, na kila mmoja ana nusu yake.

Mwaka huo huo wa 1981 kampuni moja ilianza kuchimba mboji katika kinamasi cha Mustaneva, juu ya ziwa, ili ikaushwe na kuchomwa kwenye mitambo ya joto ya mjini. Kufikia 1985 maji ya Rimpijärvi yalikuwa yameiva kama kahawa ya Paavo. Nyavu za Veikko zilitoka na ute, samaki weupe wakapungua hadi ikawa habari akipatikana mmoja, na mama akaacha kufulia mashuka maji ya ziwa. Wanakijiji walikuwa wanayaona magari ya kampuni kila siku, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza nani mkosaji. Waliunda chama, wakamchagua Veikko mwenyekiti, wakadai kampuni inyang'anywe kibali. Mwezi Oktoba 1988 mamlaka ya maji ilipeleka chupa kumi na mbili kwenye maabara ya Oulu na swali moja: asidi za ziwa hili ni za mboji kongwe ya Mustaneva, au zimetoka kwingine?

Irja alimwambia mkuu wake kwamba hilo ni ziwa la kwao na kwamba kaka yake ndiye mlalamikaji. Mkuu akajibu kwamba hakuna mwingine anayeijua ile mashine, na kwamba katika nchi ndogo kila ziwa ni la kwao mtu. Basi akazipima.

Kuna kanuni katika kazi ile ambayo Irja mwenyewe aliwafundisha vijana wasiopungua ishirini. Maji meusi lazima yazimuliwe kwa maji safi, tena na tena, mpaka kilele cha mstari kiache kusogea. Ijumaa ya tarehe 28 Oktoba hakuzimua. Alitia maji ya kwanza jinsi yalivyo, kilele kikaja kwenye kijani, palepale alipotaka kije. Akatia ya pili, ikawa vilevile. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa dada wa mtu, na jibu lilikuwa tamu. Kabla ya chakula cha mchana alikwisha kumpigia simu Veikko.

"Veikko, ni wao," alisema. "Ni mboji yao."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki iliyofuata habari ilikuwa kwenye gazeti la mkoa. Veikko aliwasha sauna kwa ajili ya kijiji kizima, wanaume kwa zamu na wanawake kwa zamu, na mzee mmoja ambaye hajawahi kumsifu mtu yeyote alisema binti wa Aapo ana akili. Kikao cha kutoa ushahidi kilipangwa kufanyika kwenye ukumbi wa shule ya kijiji, Alhamisi tarehe 9 Februari 1989.

Jumatatu ya tarehe 23 Januari, Irja alikuwa anaandaa michoro ya kuonyesha kikaoni. Mmoja ulikuwa na doa, akaamua kuipima tena ile chupa ili apate mchoro safi. Kichupa cha kioo cha kwatzi cha kupimia kilikuwa kimetoka kuoshwa na hakikukaushwa vizuri, maji safi kidogo yalibaki ndani. Kilele kikasogea. Alidhani taa ya mashine imechoka, akaisubiri ipoe, akarudia. Kisha akafanya kile ambacho angepaswa kukifanya mwezi Oktoba. Alizimua mara mbili, mara nne, mara nane, mara kumi na sita. Kila mara kilele kilihama hatua moja kutoka kijani kwenda samawati, hadi kikasimama huko na hakikutikisika tena. Maji yalipokuwa mazito, yalikuwa yanaumeza mng'ao wa samawati kabla haujatoka, ukabaki wa kijani peke yake. Uzito wa maji ulikuwa umezizeesha asidi changa. Alizirudia chupa zote kumi na mbili, na kumi na moja zikahama.

Maana yake ilikuwa kwamba uchafu mwingi wa ziwa haukutoka kwa kampuni. Ulitoka msituni, kwenye udongo wa juu, na ulikuwa unaletwa na kitu fulani.

Irja alimwendea mkuu wake. Mkuu alifunga mlango, akamwambia kwamba ripoti imekwisha kupelekwa, kwamba hakuna mtu nchini atakayeuliza juu ya kuzimua, na kwamba kampuni ile haitakufa njaa. Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Irja alirudi nyumbani akamweleza Paavo kila kitu, kisha akamuuliza afanye nini. Paavo si msemaji. Alifuta mikono yake kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi.

"Ukinyamaza, mimi nitaishi na wewe tu, hakuna neno," alimwambia. "Sasa wewe utaishi na nani?"

Jumamosi ya tarehe 28 Januari alikuja Rimpivaara bila kumwambia Veikko, akafikia kwa Eila. Eila wakati ule alikuwa mpeleka barua wa kijiji na alizijua njia zote. Walivaa skii, wakabeba chombo cha kutobolea barafu na chupa, wakapanda upande wa pili wa ziwa, mbali kabisa na Mustaneva, kwenye misitu ya wanakijiji wenyewe. Walitoboa mfereji wa kwanza, wakatoboa wa pili. Kwenye wa tatu Irja alisimama, akaegemea fimbo zake za skii.

"Huu unaujua?" aliuliza.

"Naujua," Eila alijibu. "Nilikatazwa kuuruka."

Ulikuwa mfereji wa baba. Maji yaliyopanda kwenye tundu yalikuwa ya kahawia hivyo hivyo, yakitiririka chini ya barafu kuelekea ziwani, kama yalivyofanya kila saa kwa miaka ishirini. Jumanne iliyofuata Irja alipiga simu kutoka Oulu na kusema neno moja tu, kwamba yamelingana. Kwa siku tisa zilizofuata Eila alipeleka barua nyumba hadi nyumba akiulizwa kila mahali kama wako tayari kushinda, na alijibu kwamba theluji mwaka huu ni nyingi.

Jumatano, siku moja kabla ya kikao, Irja alikwenda nyumbani. Baba alikuwa amefariki mwaka 1979. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi, na Veikko alikuwa mezani akiandika hotuba yake. Irja hakuvua koti. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia kuzimua mpaka mfereji wa tatu. Veikko alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Kesho sema hujui," alisema.

"Najua, Veikko."

"Basi sema mashine imeharibika. Mashine si huwa zinaharibika?"

"Mashine ni nzima. Aliyekosea ni mimi."

"Ulinipigia simu mwenyewe. Nimewaambia watu wazima, watu wenye mvi, kwamba dada yangu kapima. Leo unataka ukamwanike baba mbele yao, naye yuko kaburini hawezi kujibu?"

"Nataka ziwa lipone. Wakifunga Mustaneva na mifereji ikabaki wazi, halitapona. Miaka kumi baadaye mtakuwa hapa hapa mnatafuta wa kumlaumu."

Veikko aliitazama ile picha ya ukutani, yeye na shoka lake nyuma ya plau. Eila alikuwa mlangoni na anashuhudia kwamba hakupaza sauti.

"Ukisema hayo kesho, usirudi kwenye nyumba hii," alisema.

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikabaki kidogo kama yai la ndege.

Kesho yake ukumbi wa shule ulijaa, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Wakili wa kampuni alikaa mbele, na chama cha kijiji upande wa dirishani. Irja alipoitwa alisimama na karatasi zake, na neno lake la kwanza lilikuwa "Nilikosea." Alieleza kosa lilivyotokea, bila kujificha nyuma ya mashine wala mkuu wake. Alisema kati ya sehemu kumi za asidi za ziwa, moja ni ya Mustaneva, na hiyo kampuni ishurutishwe kuichuja. Wakili aliyekuwa ameanza kutabasamu akaacha. Sehemu tisa, alisema, ni za mifereji ya misitu. Mwenyekiti wa kikao akauliza mifereji hiyo ni ya nani.

"Yetu," Irja alisema. "Wa kwanza kuchimbwa ni wa baba yangu. Kahawa ya wachimbaji niliibeba mimi."

Veikko alivaa kofia yake akatoka, na hakufunga mlango. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Baridi iliingia mpaka kwenye meza ya mbele, na hakuna mtu aliyenyanyuka kwenda kuufunga.

Kampuni ilibaki na kibali na kuchimba mabwawa ya kuchujia, ikaondoka mwaka 2003 mboji ilipokwisha. Mifereji ilibaki wazi. Irja aliitwa msaliti, na barua zisizo na jina zilitumwa Oulu. Eila anajua idadi yake kwa sababu alizigonga mihuri, na mwandiko wa baadhi aliutambua. Hatataja leo. Veikko alitimiza neno lake. Mama alipofariki mwezi Mei 1994, kaka na dada walisimama pande mbili za kaburi lake, lililo jirani na la Irja, wakashusha jeneza kwa kamba zilizovuka katikati yao, na hawakusalimiana. Wahenga wanasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Eila alishika baiskeli yake ya barua, akawa anapita kati ya nyumba mbili akiwa na habari ambazo hakuna upande uliomuuliza. Irja aliumia. Inasemwa hapa waziwazi kwa kuwa yeye hakuwahi kuisema: kila Krismasi alimfumia Veikko soksi za sufu, na kila mwaka soksi hizo zilibaki kabatini kwa Eila.

Lakini hakuliacha ziwa. Kila mwaka siku ya Jaakko, tarehe 25 Julai, siku ambayo wazee wanasema Jaakko hutupa jiwe baridi majini na kiangazi kuanza kwisha, aliendesha gari kutoka Oulu kuja kuchukua chupa moja ya maji katikati ya ziwa. Mwaka 1989 alikuja na mashua ya mpira ambayo nusura imzamishe. Mwaka 1990 aliikuta mashua ya Veikko ufukweni na makasia ndani yake, akaitumia bila kuomba, akairudisha. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo. Alimwambia Eila, "Veikko kaanza kuzeeka mapema, anasahau makasia nje." Eila alicheka naye. Kutoka kilimani Irja aliweza kuliona dirisha la jiko la nyumba waliyokulia. Aliipita akaenda zake, chupa ikiwa kwenye kiti cha abiria imefungwa mkanda.

Kila chupa ilizimuliwa ipasavyo. Michoro aliibandika kwenye daftari moja, mwaka kwa mwaka, na kwa miaka ishirini kilele kilisimama pale pale kwenye samawati, juu, kirefu. Mwaka 2009 kikapanda zaidi, na 2010 tena, akadhani ziwa limekata tamaa. Mwaka 2011 kikashuka kidogo. Tarehe 27 Julai 2012, Ijumaa, alipima chupa ya mwaka ule, na kilele kilikuwa kimeshuka karibu nusu. Irja alijua jambo moja tu linaloweza kuchora mstari wa namna hiyo. Mifereji ikizibwa, udongo hulowa upya na kutoa uchafu wake wote kwa miaka miwili, kisha hutulia.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Eila na viatu vya mpira miguuni. Walipanda msituni, safari hii bila skii. Mfereji wa tatu ulikuwa umezibwa kwa magogo kila hatua hamsini, na udongo umeshindiliwa nyuma yake. Wa pili vilevile, na wa kwanza, na mingine saba ya ukoo wa Juntunen, na minne ya majirani. Magogo yalikuwa yamekatwa mshazari kwenye ncha, jinsi Aapo alivyowafundisha watoto wake, na nyasi zilikuwa zimeota juu yake. Ilikuwa kazi ya vuli nzima ya 2008 ya mtu mmoja, akiwa na miaka hamsini na tisa. Irja aliketi juu ya gogo akalia, na Eila, ambaye alikuwa amepita barabara ya chini kila siku bila kujua kinachofanyika huko juu, akalia naye.

Walishuka hadi nyumbani. Veikko alikuwa jikoni. Hakusimama, lakini alisukuma kiti kwa mguu.

"Umechelewa," alisema. "Kahawa imeshapoa."

"Kwa nini hukuniambia?" Irja aliuliza.

"Nikwambie nini? Si una mashine."

Alikunywa ile kahawa ya baridi yote, bila kuizimua. Jioni ile Eila alileta soksi jozi ishirini na tatu, na Veikko aliuliza nani atazivaa zote hizo, kisha akavaa jozi moja.

Miaka saba iliyofuata ilikuwa mizuri. Majirani wengine walianza kuziba mifereji yao, baadhi wakidai ni wazo lao. Samaki weupe walirudi mwaka 2015, na wa kwanza alipelekwa kwa Irja Oulu akiwa kwenye chumvi.

Mwezi Machi 2018 Irja aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Oulu, akapata nafuu kwa miezi, na Jaakko ya mwaka ule alikuja ziwani akiwa ameshikiliwa na Kaarina. Mwaka huu hakuweza. Tarehe 25 Julai Veikko, mwenye miaka sabini, alipiga makasia mwenyewe hadi katikati ya ziwa, akajaza chupa ya thelathini na moja, akaivisha soksi ya sufu, na akapanda nayo basi mpaka Oulu akiwa ameipakata. Irja aliiinua kwenye mwanga wa dirisha la hospitali.

"Umeyazimua?" aliuliza kwa utani.

"Mimi sina mashine," Veikko alisema. "Nimeyanywa."

Vijana wa maabara waliipima chupa ile na kumletea mchoro kitandani. Ndio wa mwisho kwenye daftari, aliuandika tarehe kwa mkono wake. Irja alifariki Ijumaa tarehe 11 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, Paavo akiwa amemshika mkono na Kaarina akiwa upande wa pili.

Ameacha mume, Paavo, binti, Kaarina, mjukuu, Urho, mdogo wake, Eila, na kaka yake, Veikko, ambaye leo kwa desturi ya hapa atatupia mchanga wa kwanza na ataendelea na sepetu mpaka kaburi lijae, kwa kuwa amekataa kusaidiwa.

Juzi Eila alimsomea Veikko wasifu huu jikoni kwake, ili kama kuna neno la kumwondolea heshima liondolewe. Alisikiliza mpaka mwisho, hata pale kwenye mlango wa shule, na hakuomba neno lolote lifutwe. Aliomba sentensi moja iongezwe, isomwe kama alivyoitamka, na isomwe kwa sauti ili Irja aisikie kabla hajafukiwa. Inasomwa sasa.

"Yale makasia sikuyasahau."

Irja, kazi umeimaliza. Lala salama kwa amani ya Mungu, katika udongo unaoujua.